Mafuta Kabla ya Pasaka

Watu waliosali nasi katika ukumbi wa chini ya ghorofa kule St. James Town, wakimtaja Mwalimu siku hizi, humtaja kwa jambo moja tu: kwamba alisimama mbele ya picha ya Mama wa Mungu iliyokuwa ikitokwa na machozi, akasema hayo si machozi. Wengine wanamwita mwongo mpaka leo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita. Najua nani alidanganya nini siku zile, na najua kwamba mtoto aliyekufa kwa sababu hiyo alikuwa na miaka minane. Nitafika huko, sitakwepa. Lakini si haki mtu akumbukwe kwa Jumapili moja, kwa hiyo kwanza nitaeleza alivyokuwa siku nyingine.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alichora picha takatifu, zile tunazoziita ikona, kwa mtindo wa zamani wa makanisa ya Wagiriki, kazi aliyofundishwa na watawa huko nyumbani kabla hajawa na mvi hata moja. Toronto haikuwa na haja kubwa na kazi hiyo. Siku za wiki alikuwa kwenye kiwanda cha milango upande wa uwanja wa ndege, anapiga msasa na kupuliza rangi. Jumamosi alitufundisha sisi, Waorthodoksi wachache wa Kenya, Uganda na Kongo tuliokuwa tumekodi ukumbi ule kwa saa za Jumapili asubuhi. Siku nyingine ukumbi ulikuwa wa bingo. Picha zetu tulizifungia katika kabati la nyuma lililopitiwa na mabomba ya maji moto, na kila Jumapili tulizitoa na kuzisimamisha juu ya meza zilizokuwa bado na alama za vikombe vya kahawa.

Tulijiandikisha kumi na wawili. Mwezi mzima hatukushika brashi. Tulichemsha gundi ya ngozi ya sungura, tukabandika kitambaa cha kitani juu ya ubao, tukapaka chokaa laini, tukangoja ikauke, tukapiga msasa, tukapaka tena. Mara kumi, mara kumi na mbili. Mwalimu alifumba macho akapitisha kidole gumba juu ya ubao. "Hapa kuna mlima," alisema, akakurudishia. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa wanne. Baridi ilipoisha nilibaki peke yangu, Mama Ciku, mfanyakazi wa nyumba ya wazee ambaye sikuwa nimechora kitu tangu darasa la tano, na masomo yakahamia jikoni kwangu, ghorofa ya kumi na mbili. Sikubaki kwa sababu ya kipaji. Nilibaki kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine mji mzima aliyenikaripia kwa Kiswahili, na nilikuwa nimeikosa sauti hiyo kuliko nilivyokosa ugali.

Na kukaripia alikujua. "Mama Ciku, unapaka rangi au unapaka siagi?" "Huyu mtume umemnyolea kinyozi gani?" Siku moja alichukua kisu akakwangua uso wa mtakatifu niliyemfanyia kazi miezi miwili, akaukwangua mpaka kwenye chokaa, kwa kuwa nilimtia kivuli chini ya pua.

"Hatuchori kivuli," alisema. "Kivuli ni cha mtu anayemulikwa na taa ya pembeni. Hawa mwanga wao wanao wenyewe."

Nililia, sioni haya kusema. Yeye akageukia sinki, akaosha vyombo vyote vilivyokuwamo, pamoja na sufuria iliyoungua niliyokuwa nimeificha chini, kisha akavaa koti lake. Ndivyo alivyoomba msamaha. Katika miaka yote ile sikuwahi kusikia neno "samahani" likitoka kinywani mwake, lakini sufuria zangu zilikuwa safi.

Rangi zetu zilikuwa udongo uliosagwa, na kilichozishika ni kiini cha yai. Alinifundisha kukihamisha kiini kutoka kiganja hiki hadi kile mpaka ute wote utoke, kisha kukishika kwa ncha za vidole kama pochi ndogo na kukitoboa juu ya kikombe. Ute haukutupwa. Aliukaanga na kitunguu na pilipili, na binti yangu Ciku akala ute wa yai kila Jumamosi mpaka akaapa kwamba akiwa mkubwa hatafuga hata kuku.

Kila uso aliuanza kwa giza. Alipaka kwanza rangi ya matope yenye ukijani, uso mzima, halafu juu yake akaleta rangi ya ngozi kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kila moja nyepesi kuliko ya chini na ndogo kuliko ya chini, mpaka mwisho mistari michache myeupe kwenye paji la uso na chini ya macho. Nyuso zake zilibaki nyeusi kuliko za makanisa ya Wagiriki. Mama mmoja wa Kigiriki, aliyetaka picha ya kumpa mkwewe, alimwuliza mbona Bikira amekuwa mweusi hivyo. Mwalimu akamjibu kwa Kigiriki chake cha kuokoteza, kisha akanitafsiria huku akicheka mpaka kikohozi kikamkamata: "Nimemwambia hiyo ndiyo rangi ya kwanza. Hata zao huanzia hapo." Picha haikununuliwa. Ilikaa juu ya friji langu mwaka mzima.

Hakutia sahihi kazi yake. Mtu akimwuliza nani amechora, alisema, "Imechorwa," akabadilisha mazungumzo. Kabla ya kuanza uso alifunga siku tatu, hali kitu chenye damu wala maziwa, na asingekubali redio iwashwe. Lakini mtu huyo huyo alivuta sigara kwenye baraza yangu wakati theluji inaanguka, na alikuwa mtumwa wa mieleka ya televisheni. Mieleka ile ya wanaume waliojipaka mafuta, wanaorushiana viti! Alijua majina yao yote. Alisimama katikati ya sebule yangu, Kwaresima, tumbo tupu, akipiga kelele, "Mgeuze! Mgeuze huyo!" Nikamwambia, Mwalimu, si unajua wanaigiza? Akanikazia macho. "Najua," alisema. "Wao pia wanajua. Hapo hakuna aliyedanganywa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria mahubiri yoyote.

Kifua chake kilikuwa kimeharibika kabla sijamfahamu. Vumbi la mbao, rangi ya kupuliza, sigara. Sijui kipi kilitangulia. Kwa mchoraji wa ikona hilo si jambo dogo, maana dhahabu hubandikwa kwa pumzi. Unapaka udongo mwekundu mahali panapotakiwa kung'aa, unausugua, halafu unauinamia na kuupulizia pumzi ya joto kutoka ndani kabisa, taratibu, mpaka ulowe kidogo, kisha unashusha karatasi ya dhahabu kabla unyevu haujakauka. Mwaka wa nne pumzi yake haikutosha tena. Alipuliza, akakohoa, na udongo ukakauka. Kisha akasogeza kiti pembeni. "Pumua wewe," alisema, "mimi nitaweka." Tangu siku hiyo dhahabu yote ya Mwalimu iliwekwa hivyo, mimi nimeinama napumua, yeye ameshika karatasi juu ya kichwa changu na kunitukana nisiteme mate.

Jambo moja zaidi, halafu nitasema kuhusu Mama Neema. Mwalimu hakuvumilia zile kalenda zenye Yesu wa nywele za dhahabu. Alipoingia nyumba ya mtu alisalimia, akaulizia watoto, kisha akaenda ukutani akaigeuza kalenda itazame ukuta. Watu walimwachia kwa heshima ya umri. Mama Neema hakumwachia. Alikuwa mama wa kutoka Uvira, huko Kongo, mkimbizi, aliyefika Toronto na binti mmoja na hakuna mwingine, akakaa katika maghorofa ya Dixon. Siku Mwalimu alipogeuza kalenda yake, aliinuka, akairudisha ilivyokuwa, akamwambia, "Papa, hiyo njo inanionyesha siku ya kulipa nyumba na siku ya dokta ya mtoto. Acha iniangalie." Mwalimu alimpenda tangu hapo.

Dokta wa mtoto ni kwa sababu Neema alikuwa na kisukari, kile cha utotoni, ambacho hakitibiwi kwa kuacha soda. Alichomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Alikuwa mtoto wa miguu mirefu na maswali, aliyeelewa Kiswahili chote akajibu kwa Kiingereza. Jumamosi mama yake akiwa kazini aliachwa kwangu. Alisimama ubavuni mwa Mwalimu akitazama giza la kwanza likipakwa kwenye uso.

"Why is she green?"

"Ndiyo kwanza anaamka," Mwalimu alijibu. "Wewe ukiamka una rangi gani?"

"And why don't they ever smile?"

"Wamechoka kupigwa picha."

Alicheka kicheko cha kupasua masikio. Kisha alitoa kidole chake mwenyewe, akakitoboa kwa kisindano, akasoma namba ya sukari kwenye kimashine, akanitangazia kama ataruhusiwa mkate. Mwalimu, ambaye hakumwogopa padri wala msimamizi wa kiwanda, aliangalia pembeni kila mara damu ile ilipotoka.

Mwaka wa sita, baada tu ya Krismasi, Mwalimu alimaliza picha kubwa ya Mama wa Mungu kwa ajili ya ukumbi wetu. Ilimchukua mwaka na nusu. Uso aliumaliza mwisho, kama desturi, na wiki iliyofuata alilazwa hospitali, kifua kimejaa. Nilimtembelea. Alikuwa na bomba puani na bado anatoa amri.

"Usiipake mafuta mpaka baada ya Pasaka."

"Sawa, Mwalimu."

"Nimesema nini?"

"Mpaka baada ya Pasaka."

Mafuta ya mbegu za kitani ndiyo kazi ya mwisho ya ikona. Rangi ya yai hukauka juu kwa dakika chache, lakini ndani huchukua miezi. Ikishakauka kweli, picha inalazwa, inamwagiwa mafuta, yanakaa saa kadhaa, halafu unayafuta kwa kiganja mpaka karibu yote yaishe. Kinachobaki ni ngozi nyembamba tu. Ukiwahi, au ukiacha mengi, mafuta hayakauki. Yanafanya utando juu, na chini yake yanabaki mabichi yakingoja joto.

Hayo yote niliyajua. Lakini Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ilikuwa inakuja, siku ambayo Waorthodoksi huzunguka na picha zao kukumbuka kwamba zamani zilikatazwa na kuchomwa moto, kisha zikarudishwa. Padri, ambaye alitujia mara moja kwa mwezi, alitaka picha mpya ibebwe mbele. Na picha mpya bila mafuta haipendezi. Imepauka, ina vumbi la chaki, rangi zake zimelala. Niliwaza watu wataitazama na kusema, mwaka na nusu kwa hii? Niliwaza Mwalimu anakufa hospitalini na watu wanaidharau kazi yake. Haya ndiyo niliyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba pindo la vazi nilikuwa nimelipaka mimi, na nilitaka lionekane.

Nilimwaga mafuta siku kumi kabla ya Jumapili hiyo, nikayasambaza kwa brashi. Bluu ikaamka. Nyekundu ikaamka. Sijaona kitu kizuri hivyo. Nilipoanza kufuta, mng'ao ukapungua, nikaacha kufuta. Na kwa kuwa kabati lilijaa viti vya bingo na hapakuwa na nafasi ya kuilaza, niliisimamisha, imeegemea mabomba ya maji moto.

Jumapili ikafika. Mwalimu alikuwa ametolewa hospitali siku mbili kabla, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango na fimbo yake. Tulizunguka ukumbi mara tatu, tukaiweka picha juu ya meza, tukaizungushia mishumaa. Tulikuwa katikati ya wimbo nilipomsikia Mama Neema akipiga yowe. Kutoka chini ya jicho la kushoto, mahali mistari myeupe ilipokuwa minene, tone lilikuwa limejitokeza, likateremka shavuni. Kisha la kulia.

Watu walianguka magoti. Wakawasha mishumaa zaidi, na kadiri mishumaa ilivyozidi ndivyo machozi yalivyozidi. Mama Neema alichovya leso yake, akamvuta Neema, akampaka tumboni, akilia na kumshukuru Mungu kwa lugha zote alizokuwa nazo. Mwalimu alikuja mbele polepole. Watu wakampisha, maana alikuwa ameichora yeye. Aligusa tone kwa kidole, akakileta puani. Mimi na yeye tuliijua harufu ile hata usingizini. Aliinua macho akanitafuta katikati ya watu, akanipata. Akarudi kwenye kiti chake.

Jumapili ya pili ukumbi haukutosha. Walikuja watu kutoka Crescent Town, wengine wasio wa dhehebu letu kabisa. Mama Neema alitoa ushuhuda. "Mama wa Mungu amelilia mtoto yangu," alisema. "Sindano ya mangaribi nimeiacha. Mtoto iko muzima. Tena na hii ya asubuhi nitaiacha." Vigelegele vikajaa. Neema alisimama pale mbele amevaa gauni la manjano, anatabasamu kwa aibu.

Mwalimu alinisubiri kwenye ngazi, amejishikilia ukutani kwa ajili ya pumzi.

"Mama Ciku. Uliipaka mafuta?"

"Sikuipaka, Mwalimu."

Ningeweza kusema nilishtuka, au sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. "Haya," alisema, akaanza kupanda.

Mimi nahudumia wazee. Naijua insulini. Usiku huo nilimpigia Mama Neema nikamwambia asiiache, daktari lazima aseme kwanza. "Dada yangu," alinijibu kwa upole, "weye umesimama karibu na ile picha kuliko sisi wote, halafu unakosa imani?" Nikasema usiku mwema.

Jumapili ya tatu Neema alikuwa amelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa. Aliamka kuomba maji, akalala, akaamka kuomba maji tena. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mwalimu alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akatembea mpaka mbele kabla padri, ambaye sasa alikuja kila Jumapili kwa ajili ya picha, hajamaliza, akasimama baina ya watu na picha.

"Haya si machozi," alisema. "Ni mafuta ya kitani. Yamepakwa mapema, yakaachwa mengi, na mishumaa inayayeyusha. Mama Neema, mchome mtoto sindano. Leo. Sasa hivi."

Padri akauliza, kwa heshima, nani basi aliyepaka mafuta hayo.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Hakunitazama. "Nilipaka mimi," alisema.

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Maana watu wote wa ukumbi ule walijua Mwalimu alikuwa hospitali, wengi walimpelekea uji wao wenyewe, na picha ilibaki huku imefungiwa. Mzee mmoja wa kamati akasema wazi: "Ulikuwa kitandani na bomba puani. Ulipaka saa ngapi?" Mwalimu hakuwa na mazoezi ya kudanganya. Alisimama akikohoa, na manung'uniko yakapanda, kwamba anaona wivu, kwamba amezoea kuwa yeye tu ndiye mjuzi, kwamba tangu zamani alikuwa anageuza picha za Yesu ukutani.

Mama Neema alimbeba binti yake begani, miguu mirefu inaning'inia. Alipompita Mwalimu alisimama. "Papa," alisema, "Mungu amenipa kitu moja tu tangu nitoke kwetu. Na hiyo unataka kuninyanganya?"

Sentensi moja tu ilitakiwa. Nilipaka mimi, tarehe fulani, chupa iko jikoni kwangu. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilitazama viatu vyangu mpaka mlango ukafungwa.

Jumatatu nilimpigia Mama Neema, simu haikupokelewa. Neema alifariki Jumanne ndani ya gari la wagonjwa, kabla hawajafika hospitali. Mama yake alihojiwa na polisi kwa siku mbili wakamwacha. Tulipomzika ardhi ilikuwa imeganda, walichimba kwa mashine. Mwalimu alisimama mbali, upande wa pili wa barabara ya makaburi, kwa sababu kamati ilikuwa imemwomba asikaribie. Hakuja ukumbini tena. Jikoni kwangu pia hakuja, nami sikumfuata.

Ile picha alipewa Mama Neema. Niliwahi kumtembelea Dixon mara moja, baada ya mwaka mmoja na nusu, nikiwa nimekata shauri. Alinikaribisha, akanivua koti kwa mikono yake, akanikalisha mbele ya picha. Uso wake ulikuwa umejikunja pale mafuta yalipokauka vibaya, na vumbi limenasa humo. Mama Neema akaniambia ameelewa sasa. Mama wa Mungu hakulia ili amponye Neema. Alilia kwa kuwa alijua mtoto atakufa. "Alimlilia kabla yangu mimi," alisema. "Mtoto yangu hakuliliwa na mama mumoja. Tulikuwa wawili." Nilikunywa chai aliyonipa, nikala na mandazi, nikaaga. Kwenye basi nilijiambia nimemwachia faraja yake.

Sasa mara ya mwisho nilipomwona Mwalimu. Ilikuwa miezi michache baadaye. Nilifika kazini zamu ya mchana, nikakuta jina lake kwenye orodha ya wagonjwa wapya wa ghorofa yangu. Alikuwa amebaki mifupa na macho, mashine ya hewa inanguruma kando ya kitanda. Nikamletea maji ya uvuguvugu nimnawishe. Alinitambua mara moja.

"Bado unapaka siagi?" aliuliza.

Nikamwosha uso, mikono, mgongo. Kwenye kucha zake hakukuwa na rangi hata chembe, na hilo ndilo lililonivunja. Nilimwambia yote. Mafuta, mabomba, viti vya bingo. Nilimwambia kwamba kwenye ngazi nilimdanganya.

"Nilijua," alisema. Aliongea maneno machache, akavuta hewa, akaongea mengine. "Ulipokuwa unapaka, brashi iliacha unywele. Ulikuwa umenasa shingoni mwa picha. Mimi brashi zangu haziachi unywele."

"Mbona hukunitaja? Ungenitaja wangekuamini."

"Nilidhani nakuhurumia." Akafumba macho. Nilidhani amelala, lakini alikuwa anatafuta pumzi. "Na si hilo tu. Jumapili ya kwanza nilijua. Ya pili nilijua. Nilikaa kimya nikaitazama. Watu walikuwa wamepiga magoti mbele ya kitu nilichokichora mimi, Mama Ciku. Wiki mbili. Ningesema siku ile ile, yule mtoto..."

Nilipiga magoti kando ya kitanda, beseni mkononi, nikamwomba anisamehe. Nikamweleza nilikwenda Dixon, nikamweleza anavyoamini Mama Neema siku hizi, kwamba kumwambia sasa ni kumwua mara ya pili. Nikamwomba tena.

Aligeuza kichwa akanitazama kwa ukali ule ule wa ubao wenye mlima.

"Kwa nini unaniambia mimi?" alisema. "Mimi si mama yake."

Nilimaliza kumnawisha, nikambadilisha shuka. Alifariki Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, na tuliomzika tulikuwa watano na padri.

Nimeandika haya jikoni kwangu kwa Jumamosi nne, kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa sababu Mama Neema anasoma Kiswahili na kwa sababu najua nikifika kwake mdomo utanikauka, atanipa chai, nami nitainywa. Mdomo wangu siuamini tena. Kesho nitapanda basi la Dixon. Nitapiga hodi, nitampa karatasi hizi mkononi, sitavua koti, na nitasimama pale mlangoni mpaka amalize kusoma.